Uanzie wapi kumtafuta askari aliyehama jimbo: daftari la GAR, orodha ya watu wa kwao, au jalada la pensheni?

Mtu aliyepigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) akiwa kijana wa Ohio, kisha akazeeka na kuzikwa Kansas, ameacha makaratasi katika majimbo mawili na mengine mjini Washington. Anayemtafuta leo ana milango mingi na hajui agonge upi kwanza. Wengi hukimbilia pensheni kwa kuwa wamesikia huko ndiko kwenye mambo. Ni kweli ndiko yaliko. Lakini ukienda na jina tupu, John Miller au William Johnson, utakutana na akina John Miller wengi kupita kiasi, na unaweza kulipia nakala za jalada la mtu asiyekuhusu hata kidogo.

Ushauri wangu ni huu: tafuta rejimenti kwanza, yaani kikosi alichotumikia, pensheni baadaye. Kwa askari Weusi na kwa waliopigana upande wa Kusini utaratibu huo nitaubadilisha, na sababu nitaieleza. Rejimenti utaipata kule alikohamia, kwenye madaftari ya vyama vya maveterani (askari wa zamani), kama Grand Army of the Republic (GAR). Vyama hivyo havikuwa vya aina moja, na ukizijua tofauti zake utaokoa muda mwingi. Naandika nikiwafikiria hasa ndugu zetu waliooa au kuolewa Marekani, ambao watoto wao hurudi nyumbani na kazi ya shule ya kuandika historia ya ukoo. Upande mmoja wa ukoo uko Tanga au Mombasa, na wazee wa kuulizwa wapo. Upande wa pili mara nyingi umebaki kwenye makaratasi haya tu.

Kilichowahamisha

Sheria ya mashamba ya mwaka 1862, Homestead Act, ilimpa mtu ekari 160 za ardhi ya serikali akikaa na kulima miaka 5. Mwaka 1872 Bunge liliwaongezea askari nafuu: muda aliotumikia jeshini ulikatwa kwenye ile miaka 5, mradi akae shambani angalau mwaka 1. Aliyepigana miaka 3 alibakiza 2. Kwa kijana asiye na urithi wa ardhi kwao Ohio au Indiana, hiyo ilikuwa sababu tosha ya kufunga mizigo. Kansas ilipokea wengi mno hata ikaitwa Jimbo la Askari.

Sasa angalia jeshi lenyewe lilivyoundwa. Rejimenti nyingi za Muungano, yaani upande wa Kaskazini, ziliundwa na majimbo, na kila rejimenti ya askari wa miguu ilikuwa na kombania 10 za watu wapatao 100. Kombania moja aghalabu ilitoka wilaya moja: ndugu, majirani, waliosoma darasa moja. Kwa hiyo ukijua kwamba mtu alikuwa kombania fulani ya rejimenti fulani ya Illinois, umekwisha kupata dalili nzuri ya wilaya aliyotoka, hata kama hakuna karatasi nyingine inayoitaja. Ndiyo maana naisisitiza rejimenti. Na ndiyo maana watu hawa, hata baada ya miaka 20 wakiwa Kansas au Nebraska, waliendelea kujitambulisha kwa jimbo walilopigania.

Daftari la tawi la GAR

Grand Army of the Republic ilianzishwa Decatur, Illinois, tarehe 6 Aprili 1866, na daktari wa jeshi Benjamin F. Stephenson. Ilikuwa chama cha waliopigana upande wa Muungano na kuachiliwa jeshini kwa heshima. Mwaka 1890 ilifikia kilele chake ikiwa na wanachama zaidi ya 400,000. Mwanachama wake wa mwisho, Albert Woolson wa Duluth, Minnesota, alifariki Agosti 1956, na chama kikaisha naye. Siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, ambayo Wamarekani huiadhimisha mwishoni mwa Mei, ilienea kwa amri ya kamanda wa chama hiki, John A. Logan, mwaka 1868.

Chama kilipangwa kwa matawi yenye namba na jina, na matawi ya jimbo moja yakawa chini ya uongozi wa jimbo. Tawi lilikuwa mahali pa kuchanganyika: mtu wa Ohio, wa Pennsylvania na wa Wisconsin waliketi ukumbi mmoja kwa sababu wote sasa waliishi mji mmoja wa Kansas.

Kitabu cha kukitafuta ni daftari la maelezo ya wanachama. Ukilifungua utaona kila mtu ana mstari mmoja unaovuka kurasa mbili: jina, umri, mahali alipozaliwa, makazi, kazi, siku aliyoandikishwa jeshini, cheo, kombania, rejimenti, siku aliyoachiliwa na sababu yake, kisha siku aliyoingizwa chamani. Mstari huo mmoja unaunganisha mahali alipozaliwa, alipopigana na alipohamia. Sijui karatasi nyingine fupi inayofanya kazi hiyo.

Pamoja na daftari hilo kuna taarifa za kila kipindi zilizopelekwa na katibu wa tawi ngazi ya jimbo. Hizi watu huzipuuza, nami nasema zisipuuzwe. Zinataja waliofariki, waliosimamishwa kwa kutolipa ada, na walioingia kwa uhamisho kutoka tawi jingine. Ukimwona mtu wako ameingia kwa uhamisho, ujue kuna tawi la nyuma, na pengine jimbo la katikati ambalo familia imelisahau kabisa. Wengi hawakuruka kutoka Ohio hadi Kansas kwa safari moja. Walikaa Illinois au Iowa kwanza, wakazaa, wakazika, ndipo wakaendelea.

Udhaifu wake upo wa aina mbili. Kwanza, mengi aliyasema mwanachama mwenyewe, naye alikuwa akizungumza na wenzake. Matawi mengine yalikuwa na vitabu vikubwa vya masimulizi ya vita ya kila mwanachama, vimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa wino. Visome kwa raha, ila cheo na mapigano vihakikishe kwingine. Pili, vitabu vingi vimepotea. Tawi lilipobakiwa na wazee wachache, vitu vyake vilikwenda kwa chama cha wanawake, Woman's Relief Corps, au kwa chama cha wana wa maveterani, Sons of Union Veterans, au maktaba ya mji, au nyumba ya katibu wa mwisho. Kwa Kansas, anza na Kansas Historical Society iliyoko Topeka, yenye kumbukumbu za ngazi ya jimbo. Kwa kwingine, Sons of Union Veterans wamekuwa wakikusanya taarifa za kila tawi lilikokuwa na vitabu vyake vilikofikia.

Vyama vya watu wa jimbo moja

Pembeni mwa GAR, wahamiaji waliunda vyama vyao: askari wa Illinois waishio Kansas, wa Ohio, wa Indiana, wa Iowa. Vilikutana mara chache, mara nyingi kwenye mkusanyiko mkubwa wa kiangazi wenye mahema, ambapo kila jimbo la asili lilikuwa na mahali pake na daftari la kuandika majina. Mtu alikwenda pale akiuliza kama kuna yeyote wa rejimenti yake.

Orodha zake ni fupi kuliko za GAR: jina, cheo, kombania, rejimenti, anwani ya posta. Hutapata umri, wala mahali alipozaliwa. Kwa kigezo hicho pekee daftari la GAR linashinda, na kama vyote viwili vipo, fungua la GAR kwanza.

Lakini orodha ya watu wa jimbo ina mambo mawili ambayo GAR haina. La kwanza ni kwamba inawagusa wasiojiunga na GAR, wakiwemo walioishi mbali na tawi, walioshindwa ada, na waliokikwepa chama hicho kwa sababu kilijulikana kuegemea chama cha siasa cha Republican. La pili, ambalo mimi nalithamini zaidi, ni kwamba inawaweka watu wa kwao pamoja. Ukiona majina matano ya kombania ileile yote yana anwani ya posta moja, umegundua kundi lililohama pamoja. Mtu wako akiwa kimya kwenye makaratasi yake, wale wanne wengine watamsemea: kwenye vyeti vya ndoa, kwenye ushahidi wa shamba, kwenye mirathi.

Nebraska imefanya jambo zuri hapa. Serikali ya jimbo ilichapisha orodha za maveterani wanaoishi humo, mojawapo ya mwaka 1891 na nyingine 1893, zikiwapanga kwa jimbo la rejimenti zao. Ukitaka kuwaona watu wa Wisconsin walioko Nebraska, unafungua sehemu ya Wisconsin basi. Mahali ambapo hakuna kitabu cha aina hiyo, rudi kwenye magazeti ya wilaya, ambayo yalichapisha majina ya waliohudhuria mikutano. Library of Congress imeweka magazeti mengi ya zamani mtandaoni bure, na unaweza kutafuta kwa namba ya rejimenti badala ya jina la mtu.

Usisahau pia njia ya kinyume. Rejimenti zenyewe, huko zilikotoka, zilikuwa na vyama vya waliosalia, na vilichapisha taarifa za mikutano zenye anwani. Kijitabu cha rejimenti ya Ohio kinaweza kukuonyesha nani alikuwa Wichita, nani alikuwa Los Angeles. Kama rejimenti umeshaipata na kinachokosekana ni alikoishia, hicho ndicho cha kuanza nacho, kabla ya daftari lolote la magharibi.

Sensa zinapokuwa msaada, na zinapokosekana

Hapa chaguo linategemea jimbo kabisa. Mwaka 1890 serikali kuu ilifanya orodha maalumu ya maveterani wa Muungano na wajane wao, ikiuliza cheo, kombania, rejimenti, muda wa utumishi na ulemavu. Orodha za majimbo, kwa mpangilio wa alfabeti, kuanzia Alabama hadi Kansas, pamoja na karibu nusu ya Kentucky, hazipo tena isipokuwa vipande vichache. Kuanzia nusu ya pili ya Kentucky hadi Wyoming zimesalia. Sensa ya kawaida ya mwaka huohuo iliharibiwa karibu yote na moto wa Washington wa Januari 1921 na yaliyoufuata.

Kwa hiyo Nebraska unayo orodha ya 1890, Kansas huna. Ila Kansas ilikuwa na sensa zake za jimbo, na ile ya 1885 kwa askari ni bora kuliko nilivyotarajia karatasi ya sensa iwe: inauliza mtu alitoka wapi kuja Kansas, aliandikishwa jeshini jimbo gani, kombania ipi, rejimenti ipi, na hata gereza la vita kama aliwahi kushikwa. Kwa mtu wa Kansas ningeifungua hiyo kabla hata ya GAR, kwa sababu karani wa sensa alipita nyumba kwa nyumba, kwa mwanachama na asiye mwanachama.

Orodha ya 1890 ina jambo moja la kuangalia. Makarani wengine waliwaandika kimakosa askari wa Kusini, kisha msimamizi akawakata kwa mstari. Jina lililokatwa bado linasomeka, na kwa anayemtafuta askari wa Kusini aliyehamia kwingine, kosa hilo la karani limemwachia ushahidi.

Waliopigana upande wa Kusini

Hawa hawapo GAR, wala pensheni yao haiko Washington. Chama chao kikubwa, United Confederate Veterans, kilianzishwa New Orleans mwaka 1889. Pensheni zao zilitolewa na majimbo ya Kusini yenyewe, na hapa ndipo watafutaji wengi wanapopotea: mtu aliomba katika jimbo alilokuwa akiishi, hata kama alipigania jingine. Aliyepigana na rejimenti ya Georgia akahamia Texas aliomba Texas, ambayo ilianza kulipa mwaka 1899, na fomu yake iko kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo mjini Austin. Fomu inauliza amekaa Texas muda gani, na alikuwa kombania na rejimenti gani. Kwa watu hawa, tofauti na wale wa Muungano, pensheni ndiyo ya kwanza na chama ni cha pili.

Kuna pia wa Kaskazini waliohamia Kusini wakiwa wazee, wakikimbia baridi. Fitzgerald, Georgia, ulianzishwa mwaka 1895 na Philander H. Fitzgerald, mwenye gazeti la maveterani huko Indianapolis, na mitaa yake ikapewa majina ya majenerali wa pande zote mbili. St. Cloud, Florida, ulifuata mwaka 1909. Barabara zake zina majina ya majimbo walikotoka walowezi, na tawi la GAR la mji huo, L. L. Mitchell, lilikuwa na ukumbi wake. Askari aliyepotea kwenye kumbukumbu za Kaskazini baada ya 1895 anafaa kutafutwa miji hii miwili kabla ya kudhaniwa amekufa.

Jalada la pensheni, na kwa nini kwa askari Weusi ndilo la kwanza

Jalada la pensheni la askari wa Muungano liko National Archives, Washington. Ndani mna vyeti vya daktari, viapo vya majirani wa alikohamia na vya wenzake wa alikotoka, na kwa mjane, ushahidi wa ndoa na tarehe za kuzaliwa watoto. Mwaka 1898 ofisi ya pensheni ilituma fomu ikiwauliza wazee hawa jina la mke, walioa lini na wapi, nani alifungisha, na watoto wangapi walio hai. Majibu mengi yako kwa mkono wa mzee mwenyewe. Sheria ya Juni 1890 ilipanua wigo: aliyetumikia angalau siku 90 na sasa hawezi kufanya kazi ya mikono aliweza kuomba, hata kama ugonjwa haukutokana na vita. Idadi ya waombaji iliongezeka sana, na majalada nayo yakaongezeka.

Faharasa ziko mbili. Moja imepangwa kwa jina, nyingine kwa rejimenti na kombania. Ya kwanza hutumika na kila mtu. Ya pili ndiyo yenye faida kwako ukishapata rejimenti kutoka kwa vyama, kwa kuwa inakuonyesha kombania nzima, na mtu wako hawezi kuchanganywa na mwenye jina lake.

Sasa suala la askari Weusi. Wapatao 179,000 walitumikia jeshi la Muungano, wengi wao wakiwa wametoka utumwani. GAR iliwapokea kwa mujibu wa kanuni zake, na mwaka 1891 mkutano mkuu wa Detroit ulikataa kuwatenga katika uongozi wao wa pekee huko Louisiana na Mississippi. Lakini ukumbini mara nyingi walijitenga au walitengwa, na vitabu vya matawi yao vimesalia vichache. Ukitegemea daftari la chama utamkosa mtu ambaye kweli alikuwepo. Rejimenti zenyewe zilibadilishwa majina: First Kansas Colored, iliyopigana Island Mound, Missouri, Oktoba 1862, baadaye iliandikwa kuwa ya 79 ya United States Colored Troops, yaani vikosi vya askari Weusi vya serikali kuu. Na watu nao walibadili majina. Aliyeandikishwa kwa jina la bwana aliyemmiliki, baada ya vita alichukua jina la baba yake.

Mfano ulio wazi ni wa Nelson Davis. Alitoka North Carolina, akajiunga na rejimenti ya 8 ya United States Colored Troops iliyoundwa Camp William Penn, Pennsylvania, kisha akahamia Auburn, New York, ambako mwaka 1869 alimwoa Harriet Tubman, mwanamke maarufu aliyewasaidia watumwa kutoroka. Jeshini alikuwa ameandikwa Nelson Charles. Alipofariki 1888 na mjane wake akaomba pensheni chini ya sheria ya 1890, ilibidi athibitishe kwa viapo kwamba Charles na Davis ni mtu mmoja. Alipata dola 8 kwa mwezi mwaka 1895, na mwaka 1899 Bunge likazifikisha 20. Mwanamke aliyejulikana nchi nzima alilazimika kuthibitisha jina la mumewe kwa miaka. Aliyewahi kufuatilia mafao ya mzee wake ofisini anajua uchungu huo. Lakini mahangaiko yale ndiyo yaliyotuachia jina la kwanza, jina la pili, alikotoka na alikohamia, vyote kwenye jalada moja.

Kwa hiyo kwa askari Mweusi anza na jalada, na uliombe lote, si kurasa chache za mwanzo, kwa sababu ushahidi wa majina na ndoa huwa katikati. Ofisi ilipokuwa na shaka ilimtuma mchunguzi kijijini kuwahoji watu kwa kiapo. Mahojiano hayo yana sauti zao: nani alimmiliki nani, shamba lilikuwa wapi, walifungishwa ndoa na nani wakiwa bado watumwa, walivuka mto gani kwenda kujiandikisha.

Na kama mtu wako hakuwahi kuomba pensheni, au ombi lake lilikataliwa na jalada ni jembamba, chukua faharasa ya rejimenti uangalie wenzake wa kombania. Omba majalada mawili au matatu ya waliohamia sehemu moja naye. Mashahidi wa mjane wa mmoja walikuwa askari wa kombania ileile, na kila shahidi alianza kwa kutaja jina lake, umri wake, kazi yake na anapoishi.